Mchawi Hashukuriwi

...na huu mto nilioukumbatia tumboni unaniwasha, sijui nani aliuvika kitambaa cha manyoya, lakini nikiuachia tumbo litanguruma tena na Gracjan, yule kijana anayenirekodi, ataniambia kwenye vipokea sauti masikioni, kwa adabu yake ile inayoudhi kuliko tusi, "Bi Taisa, samahani, tumbo limeingia kwenye rekodi," kana kwamba tumbo nalo limekuja kuomba nafasi ya kuigiza, haya, nimekumbatia mto, nimetafuna tufaha la kijani ili mdomo usitoe ule mlio wa mate, nimevua saa, nimevua bangili, kilichobaki ni kuvua ngozi, na taa nyekundu ya kurekodi bado haijawaka, wanahangaika na waya wao kule nyuma ya kioo, na mbele yangu kwenye skrini kasimama yeye, yaani mimi, ajuza wa kijivu asiye na macho bado, macho watayachora baadaye, lakini pua imeshafika, pua haikuchelewa, ndefu mpaka inataka kugusa kidevu, na nyuma yake nyumba yake juu ya miguu ya kuku, mguu mmoja unaparua ardhi, unaparua, unaparua, hauchoki, na kile kinu anachorukia angani kimeegeshwa mlangoni kama baiskeli, mchi ndani yake, Baba Jaga, na baba kwetu sisi huvaa gauni, ni bibi kizee, kila mtoto wa huku humjua kabla hajajua kufunga kamba za viatu... miaka yote ile kwenye ukumbi wa vikaragosi nimekuwa sungura, nimekuwa mbweha, nimewahi kuwa kiazi, na watu walikipigia kiazi makofi, kisha nikastaafu na simu ikalala kimya msimu mzima, nikawa nasema peke yangu jikoni ili koo lisishike kutu, na sasa ndiyo wananipa mtu, mtu wa kwanza mwenye mikono na miguu maishani mwangu, na mtu mwenyewe ni mchawi wa kwenye gemu, sawa, namtaka, nisijidanganye, namtaka kwa udi na uvumba, wakinipokonya huyu narudi jikoni kuzungumza na birika. "Bi Taisa, unatupata?" Nakupata, mwanangu, nakupata mpaka unavyomeza kahawa, "Nakupata," nasema, na yeye, "Asante. Sasa tunaingia kwenye tiba. Mchezaji kafika kwako, mguu umeungua, unamlaza, unamnong'oneza dawa. Bogna kaandika maneno hapo, ila..." na Bogna, ndiye aliyetunga hadithi yote hii, msichana mwembamba ndani ya sweta kubwa, anaingilia kabla hajamaliza, "Ila ni ya kipuuzi, Bi Taisa, sema tu ukweli, niliyatunga ndani ya basi," "Si ya kipuuzi," anasema Gracjan, "ni ya dukani, sisi tunataka ya shambani. Si wewe ni wa kule mpakani, kwa wale mabibi wanaotibu kwa kunong'ona? Hebu tupe moja ya kweli. Ya kwenu kabisa. Mtu akiisikia nywele zimsimame," na wote wawili wananitazama kupitia kioo, na mimi natazama karatasi.

Moja ya kweli, anaiomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, na shida si kwamba sina, shida ni kwamba ninayo, ninayo hapa, nyuma ya ulimi, tangu siku ile kwenye shamba la viazi bibi yangu Paraska alipogeuza ndoo akaikalia, akanivuta sikio, akanimiminia maneno yote ya tiba ndani ya sikio hilo, pumzi yake ya moshi na maziwa, kwa lugha yetu ile ambayo si ya Warsaw wala ya ng'ambo ya mpaka, tukiulizwa ni lugha gani tunasema ni ya hapa tu, akanimiminia, akaniambia hupewa mmoja, mdogo kwako, mzaliwa wa kwanza, mara moja basi, na ukishampa wewe umekwisha, na kweli, jioni ile alikuja mtu na mtoto anayeshtuka usingizini, bibi akamwambia palepale kizingitini, nenda kwa mwingine, mimi sasa ni mtungi mtupu... na akammiminia nani mtungi wake, mimi, niliyekwenda jukwaani kuwa kiazi, sijamnong'oneza hata paka, na binti yangu Larysa kule Dublin nilipomwambia njoo nikupe akacheka, "Mama, si unitumie kwa simu," kwa simu, sasa nitampa nani, hii maiki, eh, ni ndogo kwangu kwa umri, sharti hilo limetimia, kama ni mzaliwa wa kwanza wa kiwanda chake sijui, na nikiipa angalau haitazikwa na mimi, itabaki, itasikiwa na masikio mengi kuliko yote yaliyowahi kupita kwenye uzio wa bibi... lakini ndani ya kinywa cha huyu, huyu asiye na macho, ambaye asubuhi yote tumekuwa tukirekodi vifo vyake, kifo cha upanga, kifo cha moto, kifo cha kusukumwa ndani ya tanuri lake mwenyewe, "Safi, asante, Bi Taisa, hebu tena kile cha tanuri, kilie kidogo," kilie, na Bogna akaeleza bila ubaya wowote, huku akila mkate wake na tango la chumvi, kwamba wengi waliojaribu gemu wanamuua, anawatibu kwanza, wakishasimama wanamuua, kwa sababu ule mchi ni silaha nzuri sana, basi ndiyo hivyo, nimpe mchawi huyu mtungi wa bibi mikononi kisha nisimame pembeni wavulana wamsukume ndani ya tanuri.

Na hii hapa chini, kwenye karatasi, ndiyo inayoniwasha kuliko mto, mguu umepona, mchezaji anapewa vitufe viwili, kimoja MUUE, na kingine ASANTE, akibonyeza asante mchawi anacheka, asante, anasema asante... utotoni nilipata waridi, ndivyo tunavyouita ule ugonjwa wa ngozi, mguu wangu ulivimba ukawaka mwekundu mpaka gotini, shuka likigusa nalia, na mama akanibeba kutoka mjini, mama aliyemwonea haya bibi, mama wa ofisi ya posta mwenye kucha zilizopakwa rangi, akanisimamisha langoni akaniinamia, "Nisikilize, Taisa. Lolote atakalokufanyia, usimwambie asante. Ukishukuru, ugonjwa unarudi palepale ulipotoka. Umenielewa?" na mimi nilikuwa mtoto wa adabu, asante ilikaa mdomoni mwangu kama jino, niliuma midomo nisije nikaropoka, bibi akanitandikia kitambaa chekundu mguuni, akakunja vipira vya kitani, akavichoma kimoja kimoja juu yake, vikaruka na kuzimika, na midomo yake ikawa inakwenda, inakwenda, kisha akanipa mkate uliopakwa siagi na sukari, na hata mkate nao sikuushukuru, niliogopa, nani ajuaye mpaka wake uko wapi, nikala nikimtazama, naye akinitazama, na mguu ukapungua. Na ikabaki hivyo, sikuwahi kumshukuru, si kwa soksi alizonifumia, si kwa chochote, mguu wangu ndio ulionifunga mdomo, na sikuwa peke yangu, kijiji kizima kilikuwa kama mimi, walipita uzio wa nyuma alfajiri ng'ombe hawajatolewa, wakatibiwa, wakaacha mayai kwenye benchi wakaondoka bila kugeuka, na mchana uleule mbele ya duka, "Ohoo, Paraska, leo kinu umekiegesha wapi?" "Jaga, kuku wako anataka viatu!" alfajiri daktari, mchana mchawi, naye anapita na mkoba wake wa mikate bila kujibu, mara moja tu alimgeukia mmoja, Wasil, dereva wa trekta, akamuuliza, "Mgongo je?" na Wasil akajitia anakagua tairi... na siku ya kumzika walikuja wote, Wasil pia, kasisi wetu wa Kiorthodoksi pia, ambaye mwanawe alitibiwa kwa siri, na hakuna aliyelisema neno lile, asante, hata pale kaburini, maana kila mmoja alikuwa na maradhi yake yaliyolala na aliogopa kuyaamsha, kijiji kizima kimesimama kwenye theluji na midomo imefungwa, na mimi nimefunga wangu, na miaka yote tangu hapo linanirudia nikiwa naosha vyombo, kwamba hakupata asante yake, hakuna mdomo hata mmoja uliompa, alikwenda hivihivi, na hilo linaniuma, linaniuma sana, "Bi Taisa? Umetulalia?"

"Natafuta," nasema, "Usijichoshe," anasema Gracjan, "hata ukibuni nani atajua? Ongea tu, ukimaliza nitasema asante kama kawaida, tusikilize," kama kawaida, asubuhi yote, kila baada ya kifo, asante, asante, Bi Taisa, kweli, ningempa ile ya kweli angeivunja palepale kabla haijapoa, kijana wa watu, kwa malezi mema... ingawa ya kweli ni ipi, subiri, subiri kwanza, mimi nililala pale mguu ukiwaka na nilisikia nini, sikusikia neno, Wasil hakusikia neno, mtoto wa kasisi hakusikia, hakuna aliyepata kusikia neno, walisikia pumzi tu na midomo, maneno yalimiminwa mara moja shambani na mara moja tu, kilichotibu watu kilikuwa ile pumzi, basi naweza kuwapa hiyo, na mtungi wangu ukabaki umejaa, mbona sikuliona hili, nimekaa hapa najikuna kama... "Bogna, binti yangu." "Naam, Bi Taisa?" "Akibonyeza asante?" "Unacheka. Kile kicheko cha mwanzo." "Asipobonyeza kitu? Akigeuka akaenda zake?" na Bogna anamtazama Gracjan, Gracjan anamtazama Bogna, "Hakuna kitu. Anaenda tu." "Na mguu?" "Mguu... sijui, umepona, nadhani. Hatukuwaza." "Basi waza. Akimshukuru mchawi, mguu umrudie vilevile ulivyokuwa. Akiondoka kimya, amepona," na Gracjan anacheka mpaka maiki ya upande wao inakoroma, "Bi Taisa, watatutukana! Mtu aponzwe na adabu zake?" lakini Bogna hacheki, Bogna kaacha kutafuna, "Gracjan, nyamaza. Bibi yako alipokupa mche wa ua ulimwambia asante?" "Mche? Hapana, mche haushukuriwi, ukishukuru haushiki mizizi... aa," anasema, "aa," na kunyamaza kwake kunanifurahisha kuliko makofi ya kiazi, alikuwa na mwiko huo tumboni tangu utotoni na hakujua, na mimi niliyejua sikujua pia, maana siku ile kaburini, ile midomo yote imefungwa, nilidhani ni uchoyo, nilidhani ni woga, na woga ulikuwepo, lakini wewe ndiye uliyetufundisha, bibi, wewe ndiye uliyetaka hivyo, ulisimama miaka yote mlangoni ukiangalia migongo yao inaondoka na kila mgongo uliokwenda kimya ulikuwa umepona, ulikuwa unakihesabu kila kimya, kimya ndicho kilikuwa asante yako, sasa nakuona, "Gracjan, mwanangu," nasema, "nikimaliza usiniambie asante." "Nimezoea, Bi Taisa, itanitoka." "Ibane." "Niseme nini basi?" "Usiseme kitu," na anashika shavu kama mwenye jino bovu, na Bogna amejikunja juu ya kompyuta yake anaandika, na taa bado haijawaka, bado wanabishana na waya, na ajuza wa kijivu bado hana macho, na mguu wa kuku unaparua, unaparua, na mto bado unaniwasha na nimeukumbatia, na pumzi ninayo tayari, kifuani, ya moshi na maziwa, na mguu wangu huu, bibi, uguse, mzima mpaka leo, maana neno lile mpaka leo sijakuambia.