Tisini na Tano Tu

Mama yeyote anayeuza petroli kwa chupa pembeni mwa barabara na aisikie habari ya Anatolia wa Kimuli. Hakuwa mwizi. Hata waliomkasirikia walilikubali hilo.

Meza yake ilikuwa mbele ya kibanja, shamba lake dogo la migomba na kahawa, chini ya bati moja lililoshikiliwa na miti minne. Juu ya meza alipanga chupa za maji zilizojaa petroli, na nyuma ya mlango aliweka madumu. Mume wake, Rwegasira, alikwisha kufa. Binti alikuwa ameolewa Rugu, na mwanawe wa mwisho, Nestory, alikuwa dereva wa lori Kayanga. Nyumba ya vyumba vinne alibaki nayo peke yake. Alipika sufuria moja ya ndizi akaila siku mbili, na mara nyingine alijikuta anabishana na redio.

Zamani biashara yake ilikuwa mafuta ya taa. Kisha taa za sola zikaingia Kimuli, wakanunua hata vikongwe, na pipa la Anatolia likabaki na mafuta nusu. Kila alipofagia chumba alilikuta palepale. Kuyamwaga hakuweza, roho ilimuuma. Kwa hiyo kila alipoletewa dumu la petroli alilichanganya na ile taa, kama walivyoyaita mafuta hayo: mwanzoni kikombe, baadaye jagi, mwishowe theluthi nzima ya dumu. Pikipiki zilikunywa zikaenda. Moshi tu ndio ulizidi.

"Mama Nesto, pikipiki yangu inakohoa siku hizi," Mwebesa, kijana wa bodaboda wa pale jirani, alimwambia asubuhi moja.

"Umeilaza nje kwenye baridi."

"Inalala ndani, tena karibu na kitanda. Mke wangu ndiye analala nje."

Anatolia akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza siku hiyo, akatamani Mwebesa akae kidogo, amtolee hata kigoda. Lakini bodaboda hakai. Akalipia chupa yake akaondoka na moshi wake.

Siku moja ya msimu wa kahawa, saa nne asubuhi, lori likasimama mbele ya meza. Lilikuwa lori kubwa la zamani, kuukuu, lililokuwa la mradi wa maji kabla ya kuuzwa mnadani. Nyuma lilibeba magunia ya kahawa yaliyofunikwa turubai. Mlango ukafunguka, akashuka Nestory.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe au kivuli chako?"

"Ni mimi, mama."

"Tangu Januari. Nilishaanza kuisahau sura yako, nikasema siku akija nitamuuzia chupa kama mteja."

Nestory akacheka, akainama kumshika mama yake mikono miwili. Alieleza kwamba amepakia pale Kimuli na lazima afike Kayanga kabla ya jioni. Tajiri wake, mzee Ndyamukama, hapendi lori lilale njiani. Njia yake ya kawaida haikupita Kimuli kabisa. Leo ilikuwa bahati.

Anatolia alipika kama aliyepata wageni kumi. Ndizi, maharage, na samaki aliyekuwa amemtunzia bila kujua anamtunzia nani. Nestory akala, mama akamwangalia anavyokula.

"Na hili gari lenu jipya likoje?" akauliza, ili tu asinyamaze.

"Si jipya, mama. Injini ndiyo imetengenezwa upya. Ni la petroli, si dizeli kama malori mengine. Tena lina kinywa, acha tu."

Anatolia akaitika. Alielewa kwamba lina kinywa kwa maana ya kunywa sana, si ya kuchagua kinywaji. Hakuuliza zaidi, maana mwanawe alikuwa ameshaanza kusinzia mezani. Akamtandikia, Nestory akalala.

Basi mama akatoka akalizunguka lile lori. Alifikiri kama mama anavyofikiri. Mtoto akiondoka nyumbani haondoki mikono mitupu, lazima apewe entanda, chakula cha safari. Mkungu wa ndizi alikwisha kuukata, maharage yalikuwa kwenye mfuko. Lakini dereva anataka nini kuliko mafuta? Na akijua kwamba kwa mama yake kuna mafuta ya bure, si atakuwa anapita? Hata kama njia si hii, atapinda kona, apite.

Pembeni mwa kifuniko cha tangi mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: 95 TU. Anatolia alimaliza darasa la saba, na kusoma alikuwa anasoma vizuri. Tisini na tano tu. Akaelewa kwamba tangi linachukua lita tisini na tano, si zaidi. Akaligonga kwa ngumi, likalia wazi. Lita ishirini zitaingia bila kumwagika. Akaleta dumu kutoka nyuma ya mlango, akaweka chupa iliyokatwa kitako iwe faneli, akamimina hadi tone la mwisho. Taa iliyokuwa ndani ya dumu hilo hakuifikiria hata kidogo. Kama kipikipiki cha Mwebesa kinaivumilia, lori zima lina shida gani?

Nestory aliondoka saa nane. Mshale wa mafuta wa lori hilo ulikuwa umekufa, na yeye alikwisha kupima kwa kijiti asubuhi, kwa hiyo hakuona kitu.

"Nimekuwekea entanda," mama akamwambia dirishani.

"Nimeuona mkungu, mama. Asante."

Anatolia akatabasamu kimoyomoyo. Alipanga kumpigia akishafika, amwambie apime tena.

Hakupiga. Nestory ndiye aliyepiga, kesho yake asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Mama, injini imekufa. Mlimani, karibu kufika. Ilianza kugonga kama mtu anatwanga kinuni, na pale nisingeweza kusimama na mzigo. Nikakaza, ikazima. Gari likarudi nyuma, breki hazishiki, nikaligongesha kwenye ukingo. Ningechelewa kidogo tungeenda bondeni."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Sikiliza, mama. Fundi Apolinary amenusa tangi, anasema kuna taa ndani. Mzee anasema nimenunua mafuta ya chupa njiani, hela ya kituo nimetia mfukoni. Jana gari lilikaa kwako nimelala. Kuna mtu ulimwona akilisogelea?"

Anatolia alishika simu kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa fupi, lilikuwa mdomoni. Lakini akaona jinsi litakavyokwenda: akisema, huyu hatapita tena Kimuli. Hata ile mara moja kwa nusu mwaka.

"Sikuona mtu," akasema.

"Sawa, mama."

Na kweli hakuona mtu. Alijishikiza kwa neno hilo siku nzima, akilirudiarudia anapomenya ndizi. Jioni hakula. Siku ya pili hakuweka chupa mezani. Wateja walipopiga honi alikaa ndani kimya, kama asiyekuwepo, na alipowasikia wanaondoka akatamani warudi.

Siku ya tatu akaja Mwebesa hadi mlangoni.

"Mama Nesto, nimetoka Kayanga. Nesto kanyang'anywa funguo. Wanasema atapelekwa polisi asipokiri alinunua wapi."

Anatolia akachukua kitenge cha pili akajifunga. "Nipeleke."

"Kayanga? Na hii inayokohoa?"

"Nipeleke hivyohivyo."

Njiani upepo ulikuwa mkali, wakaongea kwa kupaza sauti. Anatolia akamwambia yote, maana kumwambia mgongo wa mtu ni rahisi kuliko uso wake. Mwebesa hakushangaa.

"Ile taa tulikuwa tunaijua, mama."

"Mnaijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Inanuka. Vijana wote wa kijiweni wanajua."

"Na mnanunua?"

Mwebesa akapinda kona mbili kwanza. "Tunanunua kidogo. Tunasema, mama yule yuko peke yake."

Anatolia akakaza kitenge chake. Alikuwa amedhani wanakuja kwa sababu anawachekesha.

Gereji ilikuwa nyuma ya soko. Lori lilisimama kifuniko cha injini wazi, ubavu mmoja umebonyea. Nestory alikuwa amekaa juu ya tairi akisafisha vyuma kwa brashi, na mzee Ndyamukama alisimama kando na fimbo yake. Anatolia akawaamkia wote, fundi akiwemo, mara moja tu, asipate nafasi ya kubadili mawazo.

"Mafuta yale ni yangu," akasema. "Niliyatia mimi, amelala. Yalikuwa na taa. Mwanangu hajui."

Hakuna aliyeinua sauti. Fundi Apolinary akachukua pistoni kutoka kwenye beseni, akampa aishike. Katikati kulikuwa na tundu, kingo zake zimeyeyuka kama nta.

"Hukuona nilivyoandika pale kwenye tangi?"

"Niliona. Nilijua ni lita."

Fundi akashusha pumzi. "Si lita, mama. Ni namba ya petroli yenyewe. Injini hii nilichonga silinda hedi, kifuniko chake cha juu, sasa inabana hewa na mafuta kwa nguvu sana. Petroli ya namba kubwa inabanwa na inatulia mpaka plagi itoe cheche. Ya namba ndogo haingoji. Inalipuka yenyewe pistoni ikiwa bado inapanda, vyuma vinagongana na moto. Na taa ukiichanganya unaishusha namba."

"Lakini pikipiki zinakwenda nayo."

"Pikipiki inabana kidogo, na haipandi mlima na magunia mgongoni. Nazo zinaumia, ila polepole."

"Nilidhani lililo kubwa ndilo linalovumilia."

"Wengi wanadhani hivyo."

Mzee Ndyamukama akachora chini kwa fimbo. "Kwa hiyo kijana hakuniibia."

"Hakukuibia, mzee. Kahawa yangu ya msimu huu uichukue itengeneze hiki chuma."

"Na mimi nimemwita mwizi mbele ya watu." Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya tairi karibu na Nestory, akaondoka bila kusema lingine.

Wakabaki mama na mwana. Nestory aliendelea na brashi yake.

"Nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza."

"Siku tatu naitwa mwizi, na wewe unajua."

"Niliogopa hutapita tena."

Nestory akaifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Ningepita," akasema.

Pipa la mafuta ya taa Anatolia alilitoa nje siku iliyofuata, akaita vijana wa kijiweni waone, akawaambia kila aliyeununua uchafu wake amsamehe. Walimwitikia vizuri. Sasa anauza mihogo ya kukaanga. Wewe unayesoma hapa na una dumu nyuma ya mlango, usiseme ni kidogo, na usiseme pikipiki haikulalamika. Hujui litaingia tangi la nani.

Mwezi wa nane lori lilipita tena Kimuli. Nestory akashuka, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaingia, akakaribishwa chakula. Akavuta kiti akakiweka mlangoni, akala ameelekea barabarani. Kifuniko cha tangi kilikuwa na kufuli jipya, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Nestory kwa uzi.

"Lala kidogo, mwanangu. Umechoka."

"Sijachoka, mama."

Anatolia akamwongezea maharage. Mwanawe akala yote, akashukuru, na macho yake hayakutoka kwenye lori.