Kayamba Kwenye Kanda

Januari 1986, saa nne asubuhi. Pikapu ya hoteli ilisimama mbele ya nyumba ya Joram Musembi, mtaa wa Ngala mjini Malindi, na wanaume wawili wakashusha spika mbili zenye kimo cha kiuno.

Joram alikuwa fundi umeme wa hoteli hiyo. Alizaliwa Machakos, akasomea ufundi Mombasa, na kwa majirani zake alibaki kuwa mtu wa bara ingawa watoto wake wote walizaliwa Malindi. Hoteli ilikuwa inabadilisha vyombo vya disko, na wafanyakazi waliuziwa spika za zamani. Alizipima kabla ya kuzinunua. Nyuma ziliandikwa ohm nane, wati mia. Mita yake ya umeme ilisoma sita na nusu kwa kila moja, kama inavyotarajiwa kwa spika ya ohm nane. Amplifaya aliyokuwa nayo nyumbani ilitengenezewa ohm nane vilevile, lakini ilitoa wati thelathini tu.

Kahindi Randu, rafiki yake, alikuja jioni kuziona. Kahindi alihudumia meza katika hoteli ileile na kuwapigia wageni gitaa baada ya chakula.

"Spika za wati mia, amplifaya ya thelathini," alisema. "Umefunga punda kwenye lori, Musembi."

"Chumba chenyewe kidogo. Punda anatosha."

"Na akiambiwa akimbie?"

"Nani atamwambia? Yuko nyumbani kwangu."

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Katika chumba kile amplifaya haikuhitaji kupita robo ya nguvu zake, na kwa robo hiyo spika zilitoa sauti safi, besi yake na sauti nyembamba zake. Joram alizifunga sebuleni. Chumba cha pili alikipigilia trei za mayai ukutani mpaka darini ili kisirudishe mwangwi, akaweka humo mikrofoni mbili. Waya zilipita chini ya mlango hadi kwenye miksa ndogo ya kuchanganyia sauti sebuleni, na kutoka miksa zikagawanyika: upande mmoja dek ya kurekodia kanda, upande wa pili amplifaya na spika.

"Watu wananiuliza kama tunafugia kuku darini," alisema Jedida, mkewe.

"Waambie bado hawajaanza kutaga."

Studio hiyo ilikuwa na kazi moja iliyokuwa ikisubiri. Mama yake Kahindi, Kabibi, ambaye kwao Kakoneni aliitwa Mekahindi kwa jina la mwanawe wa kwanza, ndiye aliyekuwa akiitwa kuongoza nyimbo kila palipokuwa na msiba mkubwa, kutoka Jilore mpaka Vitengeni. Aliimba huku akitikisa kayamba lake mwenyewe, na maneno ya nyimbo aliyatunga papo hapo, kwa jina la marehemu na mambo aliyoyatenda. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Sasa shingoni mwake palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau. Daktari wa Mombasa alimpa siku ya kupasuliwa, mwezi wa Aprili, na hakumficha kitu: mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita palepale, na huenda akatoka salama bila sauti yake.

"Kabla ya Aprili," Kahindi alisema.

"Hata wiki ijayo, mlete," alijibu Joram.

Mekahindi hakuja wiki iliyofuata wala iliyofuata hiyo. Alisema hawezi kuimbia trei za mayai. Wimbo wa msiba unamtaka mtu aliyekufa. Mwanzoni mwa Machi kaka yake, mzee Kenga, alikufa.

Kahindi alifika Ngala na shati lile alilokuwa nalo kazini. Mahanga, mkesha wa msiba, yangefanyika Kakoneni, na vijana wa ukoo walitaka muziki wa kukesha. Jenereta walikuwa wamepata. Vyombo hawakuwa navyo.

Joram aliziangalia spika. "Uwanja wazi si chumba, Kahindi. Amplifaya ndogo ukiisukuma kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti yanakatwa vilele, na vile vilele vinageuka joto. Joto lile linaishia kwenye twita." Alionyesha spika ndogo zilizokuwa juu ya zile kubwa, zinazotoa sauti nyembamba. "Watu wanadhani amplifaya ndogo haiwezi kuiunguza spika kubwa. Ndiyo inayoiunguza."

Jedida alikuwa mlangoni. "Mwenzio amefiwa na mjomba, wewe unamsomesha habari za vilele?"

Msiba wa jirani haukataliwi chombo. Hilo hata mtu wa bara alikuwa amelijua zamani. Joram alichukua rangi ya kucha ya Jedida, nyekundu, akachora mstari kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya, katikati hasa.

"Hapa ndipo mwisho."

"Nimeona."

"Hata wakikupigia kelele."

"Nimeona, ndugu yangu."

Vyombo vilirudi Jumatatu, vimefutwa vumbi, pamoja na kikapu cha madafu na kuku mmoja hai. Kahindi, aliyevileta na vijana wawili wa ukoo, alikuwa amekauka sauti. Joram hakuwasha kitu. Kwanza, wafiwa walikuwa wamesimama mbele yake, na kukagua vyombo vya msiba mbele ya wafiwa ni kuwaita wezi. Pili, Kahindi alikuwa hajatoka matanga, na nyumba ya rafiki wa mfiwa haipigi muziki. Hata redio, Jedida aliisikilizia taarifa ya habari tu. Walipoondoka, Joram alichukua mita, akapima spika zote mbili kwenye waya za nyuma. Sita na nusu. Sita na nusu. Akamchinja kuku.

Kipimo kilikuwa sahihi lakini hakikupima alichokitaka. Ndani ya kila spika, twita hukaa nyuma ya kapasita, kifaa kinachopitisha umeme wa sauti tu, na kapasita haipitishi umeme wa mita. Mita ilikuwa inasoma spika ya besi peke yake. Twita ingekuwa nzima au imeungua, namba ingebaki ileile. Joram alifundishwa jambo hilo chuoni, na aliwahi kumweleza Kahindi, siku spika zilipofika.

Mwisho wa Machi, matanga yalipokuwa bado hayajaondolewa, Mekahindi alikubali. Sasa alikuwa na mtu wa kumwimbia. Aliingia Ngala Jumamosi asubuhi pamoja na Kahindi, akiwa amevaa kaniki, kayamba limefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, mama," Joram alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo haya mayai?"

"Ndiyo haya."

"Yananuka kama duka." Akaketi kwenye kiti chini ya mikrofoni, akakataa mto.

Kabla ya kurekodi mtu yeyote Joram alikuwa na desturi ya kupiga kanda moja anayoijua, ili asikie kama vyombo viko sawa. Kanda hiyo ilikuwa ya muziki wa dansi. Aliishika mkononi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na mama wa watu alikuwa ameketi katika nguo ya msiba, akimngojea. Aliirudisha kanda kabatini.

Alifunga mlango. Mekahindi alianza kwa kumtaja kaka yake kwa jina la utotoni, akapanda taratibu, na kayamba likaingia. Sebuleni, kwenye spika, sauti yake ilifika nzito na ya karibu. Kayamba lilifika kama mchanga uliomwagwa chumba cha jirani.

Joram alifungua mlango akaomba asimame. "Mama, kayamba halisikiki."

"Halisikiki?" Mekahindi alilitikisa karibu na sikio. "Lina umri wako. Mbegu zimesagika ndani, zimekuwa unga."

"Kakoneni lilisikika mpaka barabarani," Kahindi alisema.

"Kakoneni hakukuwa na mayai."

Joram aliingia chumbani akalisikiliza bila waya. Lilisikika vizuri, kali na safi. Akahitimisha kwamba tatizo ni mikrofoni, kwa kuwa zilikuwa za bei ndogo na hakuwahi kuzijaribu kwa kayamba. Alisogeza moja hadi karibu na magoti ya Mekahindi, akafunga mlango, akarudi kwenye miksa, akapandisha trebo, kitufe cha sauti nyembamba. Kayamba lilijitokeza kidogo. Akapandisha tena, mpaka kitufe kikagota.

Laiti angepandisha trebo ya amplifaya, angebadilisha kile alichokisikia yeye tu. Alipandisha ya miksa, na kilichotoka kwenye miksa ndicho kilichoingia kwenye kanda.

Kulikuwa na hedfoni, zimechomekwa kwenye dek. Kahindi alizivaa katika wimbo wa pili, akazivua katikati.

"Musembi, huku linachoma masikio. Na mama kila akitamka 's' ni kama anakaanga."

"Hedfoni hizo zilikuja bure na redio," Joram alijibu bila kugeuka. "Sikiliza spika. Hizi ndizo zilizopimwa."

Kahindi alisikiliza spika. Kweli, hapo palikuwa sawa: sauti ya mama yake, na kayamba chini yake kwa kiasi chake. Aliziweka hedfoni mezani.

Mekahindi aliimba mpaka upande mmoja wa kanda ukajaa. Wimbo wa mwisho haukuwa wa kaka yake. Alijiimbia mwenyewe: alitaja kisu, alitaja shingo, akaiambia sauti yake ikitangulia imsubiri mahali penye kivuli. Jedida, aliyekuwa jikoni, alizima jiko ili asikie. Mlango ulipofunguliwa Mekahindi alikuwa anafunga kayamba kwenye leso.

"Imeingia?" aliuliza.

"Yote, mama."

"Basi wakate."

Walimpasua katikati ya Aprili. Uvimbe ulitoka wote na kidonda kilipona bila usaha. Sauti haikurudi. Daktari alingoja wiki kadhaa, akamwangalia tena koo, akasema kilichobaki ndicho hicho: mnong'ono unaosikika kwa mtu aliye karibu.

Siku Mekahindi aliporudi kutoka kwenye uchunguzi huo, Kahindi alimkaribisha kwake, nyumba ya kupanga mtaa wa Maweni, akaweka kanda kwenye redio kaseti. Hakuwahi kuipiga kabla; alikuwa ameahidi kwamba mama awe wa kwanza kuisikia. Joram na Jedida walikuwepo. Kayamba lilitoka likiwa mbele ya kila kitu, kama mafuta yanayochemka, na nyuma yake mwanamke alikuwa akipiga kelele kwenye bati. Maneno yalikwaruza. Kahindi alipunguza sauti. Mkwaruzo ukabaki, mdogo zaidi.

Mekahindi alimvuta Jedida karibu. "Ndiye mimi huyo?" alinong'ona.

"Redio yako mbovu," Joram alimwambia Kahindi.

"Jana ilisoma taarifa ya habari vizuri."

Joram aliichukua kanda akaenda nayo Ngala, Kahindi nyuma yake. Kwenye spika kubwa kanda ilikuwa nzuri. Sauti nzito, ya karibu, na kayamba kwa kiasi chake. Waliisikiliza wakiwa wamesimama. Kisha Joram alitoa ile kanda ya dansi kabatini, akaipiga kwa mara ya kwanza tangu Februari. Matoazi hayakuwemo.

Aliizima, akachukua bisibisi, akafungua spika ya kushoto, akachomoa waya wa twita na kupima twita yenyewe. Mshale wa mita haukusogea. Kwa twita ya spika ya kulia haukusogea pia.

Kahindi aliangalia kitufe chenye mstari mwekundu. "Walisema sauti haifiki kwa wanawake, kule nyuma jikoni," alisema. "Watu wa kwa marehemu, wametoka Vitengeni kwa miguu. Ningewaambiaje?"

"Ulipitisha mstari."

"Nilipitisha mimi mwenyewe. Mpaka mwisho. Mbona ziliendelea kulia? Hakuna aliyejua kitu."

"Besi haikuungua. Uwanjani besi inatosha."

"Ungeniuliza ningekwambia."

Joram alikuwa bado ameshika mita. "Sikukuuliza," alisema. "Na uliponiambia habari za hedfoni, sikukusikiliza."

Aliagiza twita mpya Mombasa na kuzifunga mwezi wa Juni. Safari hii alianza na kanda ya dansi, na matoazi yakarudi. Alimwambia Kahindi amlete mama. Kwenye kanda ya Mekahindi sauti kali ilikuwa imejazwa kupita kiasi ambacho kanda inaweza kubeba, na mkwaruzo wa namna hiyo haufutiki, hilo alilijua. Lakini trebo ingeweza kupunguzwa wakati wa kusikiliza, na alitaka kujua kitakachobaki.

Mekahindi aliketi sebuleni, safari hii akaukubali mto. Kanda ilianza. Alisikiliza wimbo wa kwanza bila kusogea. Katika wa pili midomo yake ilianza kwenda pamoja na maneno, ikapotea, ikasimama. Aliinua mkono. Joram alisimamisha kanda akainama karibu naye.

"Liondoe kayamba, mwanangu," alinong'ona. "Sisikii nilichosema."

"Halitoki peke yake, mama. Vimeingia pamoja."

"Hata kidogo?"

Joram aliirudisha kanda nyuma, akaipiga tena, na akageuza trebo kushoto polepole. Kayamba lilipungua. Aliendelea kugeuza, na herufi za mwisho za maneno zikaanza kupotea, kisha za mwanzo, mpaka ikabaki sauti nzito ya mwanamke, isiyo na maneno, ikipanda na kushuka.

Mekahindi alimtazama mwanawe. "Pale nilipoitaja sauti, nilisema ikanisubiri wapi?"

"Kwenye kivuli," Kahindi alisema.

"Kivuli cha nini? Nilitaja mti."

Kahindi hakukumbuka. Joram aliipeleka kanda hadi wimbo wa mwisho na kuipiga, kwanza bila trebo, kisha nayo, kisha kwenye hedfoni, ambazo Mekahindi alizishikilia masikioni kwa mikono yake miwili. Kila mara jina la mti lilizama kwenye mkwaruzo. Jedida aliitwa kutoka jikoni, maana siku ile alizima jiko ili asikie. Alikumbuka kisu na shingo. Mti hakuukumbuka.

Mekahindi alizivua hedfoni akampa Joram. Kahindi alibonyeza kitufe, akatoa kanda, akairudisha kwenye kasha lake.