Ramani Katika Fungu la Tatu

Saa tano na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, kaka yangu Eladio amesimama mbele ya ramani ya Baba na bado hajachagua, yamebaki mafungu mawili tu, shamba la kando ya mfereji au nyumba ya njiwa, jambo la nusu dakika kwa mtu mwenye akili zake, na mimi nimekaa mezani, karatasi ya mafungu mbele yangu, kalamu mkononi, nangoja aseme shamba niandike jina lake, nami nibakiwe na nyumba ya njiwa ambayo paa lake liliporomoka tangu mwaka juzi, na ramani, maana ramani niliiandika katika fungu hilohilo, la tatu, mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo... kijijini kwetu Villasorda anayepanga mafungu ya urithi huchagua wa mwisho, na mdogo wa wote huanza, hivyo ndivyo walivyogawana mababu, ukipanga kwa upendeleo unajipunja mwenyewe, na tulipomzika Baba mwezi wa pili wote wawili walisema panga wewe, Honorina, wewe ulikuwa gazetini, mkono wako hauna upande. Miaka thelathini na tano gazetini, mjini Palencia, nikisahihisha habari za watu wengine, nikiwauliza waandishi vijana swali lilelile, umethibitisha, nani kakwambia... mdogo wetu Sagrario alichagua kabla kahawa haijapoa, "Mimi nyumba, asanteni," ana saluni yake Valladolid, nyumba ataipangisha watu wa Madrid wakati wa kiangazi, sasa amekaa dirishani anamenya chungwa na miguu yake juu ya kiti cha Mama, anasema, "Kaka, dengu zinaungua huko jikoni," kisha ananigeukia mimi, "Mwonee huruma, Honorina, kaendesha treni maisha yake yote, treni inafuata reli, huyu hajawahi kuulizwa apite wapi," nacheka, nacheka kuliko utani wenyewe unavyostahili, kwa sababu Eladio haitazami karatasi, anatazama ukuta.

Angalia karatasi, kaka, shamba ni hekta nne, lina maji, lina pampu, nimelipa mistari mitatu peke yake hapo karatasini... ramani ni karatasi tu iliyochapwa Madrid zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ikapakwa rangi kwa mkono, falme za zamani kila moja na rangi yake, Leon waridi, Kastilia ya Kale njano, Aragon kijani, Galisia buluu iliyofifia ikawa kama maji ya kufulia, na yule aliyepaka alikuwa na haraka au mwanga ulikuwa unamwishia, brashi yake imeuvuka mto Pisuerga mahali pawili, waridi imeingia kwenye njano, Baba alikuwa akituonyesha hapo, "Mnaona, mtu wa kweli alikuwa hapa, amechoka," aliinunua kabla ya kuoa, akaitundika shuleni alikofundisha, kati ya msalaba na picha ya Jenerali aliyetawala nchi, na mchana wa baridi alitusimamisha tuimbe majina ya falme huku fimbo yake ikitembea, tulikuwa watoto ishirini na sita, jiko la majani makavu likitutoa machozi, na siku moja alininyanyua, akakishika kidole changu akakiweka kwenye kiduara cha kijiji chetu, kidogo kuliko punje ya shayiri, hapa ndipo ulipo, Honorina, na kidole kilikuwa ndani ya waridi. Hapo karatasi imepauka kidogo. Nimejua maisha yangu yote kwamba mpauko ule ni wangu.

"Honorina," anasema Eladio, hajageuka, "kioo hiki cha ramani kiliwekwa lini?" na mimi najibu kama najibu simu ya ofisini, "Baada ya Baba kurudi kutoka milimani," na mara Sagrario ameacha kutikisa mguu, ingawa yeye alikuwa wa kunyonya wakati ule na habari za milimani anazijua kwa kusimuliwa... kitabu cha serikali kilisema Palencia, jimbo letu, ni Kastilia ya Kale, ramani ilisema sisi ni Leon, na Baba hakutaka kukifanya kimoja kiwe uongo kwa ajili ya kingine, akatufundisha vyote, kwa kitabu hivi, kwa ramani vile, hatukuchanganyikiwa hata kidogo, tulikuwa na majibu mawili kama watu wanavyokuwa na jozi mbili za viatu, cha muhimu kilikuwa ujue leo anakuja nani. Novemba, sitini na sita. Alikuja mkaguzi wa shule. Akamnyooshea kidole Eladio, miaka tisa, mikono bado ina manyoya ya njiwa, "Wewe, Palencia iko katika mkoa gani wa kale?" na Eladio akasimama wima akasema, "Leon, bwana," kwa fahari, kwa sauti ambayo Baba alitufundisha kuitumia, na mkaguzi akauliza nani kakufundisha hayo, na Eladio, mtoto mtiifu, akaonyesha ramani. Ndiyo iliyoteremshwa ukutani jioni ile. Ndiyo iliyomfanya Baba apelekwe kufundisha misimu miwili ya baridi katika shule ya milimani isiyo na barabara, nasi hapa na Mama, barua zikija zimelowa, na Eladio hakula chakula mezani wiki nzima, na alipotimiza miaka kumi na minne akaenda reli, na akija nyumbani anakaa mgongo ukielekea ukuta huu, mara zote, nimeona kwa macho yangu, anaichukia, nikasema, hawezi kuitaka, nikaipanga pamoja na magofu ya nyumba ya njiwa, ili Sagrario asiitazame mara mbili na Eladio asiiguse, nikaita huko kusawazisha.

Nani kakwambia anaichukia. Umethibitisha... hakuna aliyeniambia.

Miwani yake iko mfukoni, naiona ncha yake. Bila miwani haoni namba ya nyumba yake mwenyewe, Sagrario humtania anasalimia miti. Lakini kidole chake kimepanda juu ya kioo, hakikutafuta mto, hakikutafuta Palencia, kimekwenda moja kwa moja kwenye kiduara, pale palipopauka, kikatulia. "Hapa ndipo ulipo, Eladio," anasema, kwa sauti ya Baba, ile ya darasani, "ndivyo alivyokuwa akiniambia," na Sagrario anasema polepole, "Na mimi pia, aliporudi, kabla ya kioo," na mimi sentensi ile niliidhani yangu, sote watatu tumeipausha karatasi ileile... anaupa ukuta mgongo kwa aibu, siyo kwa chuki, mtu hukipa mgongo anachodhani hastahili kukitazama, na mimi niko mezani na kalamu, na kuna asubuhi nyingine nyuma ya asubuhi ile, ambayo sijaiandika popote, Baba yuko mlangoni pa shule, chaki mkononi, gari la mkaguzi limeshaonekana njia ya juu, ananiambia, "Kimbia kwa kaka yako kule kwa njiwa, mwambie leo ni kitabu," maneno matatu, leo ni kitabu, nina miaka sita, nakimbia, nafika, Eladio yuko juu ya ngazi anashusha makinda, na jana yake alikataa nisipande, alisema wasichana huwatisha njiwa, namtazama kutoka chini, ana vumbi kichwani, anasema, "Unataka nini wewe, kidudu?" na mimi nasema, "Baba anakuita," basi, nikageuka nikaondoka. Ujumbe wa kwanza niliopewa maishani kuupeleka kwa mtu. Baba aliniuliza usiku, ulimwambia? nikasema nilimwambia, na Baba akaamini, hakuniuliza tena mpaka anakufa, na kaka yangu amebeba miaka karibu sitini kwamba alisahau lini ni kitabu na lini ni ramani, wakati hakuambiwa, hakusahau chochote, na leo nimempangia mafungu nikitegemea aibu hiyohiyo inipe ramani.

"Haya," anasema Eladio, "mimi nadhani shamba," na kidole bado kiko pale, na Sagrario anasema, "Alhamdulillahi, kasema," neno alilolizoea kwa mteja wake mmoja wa Morocco, na kalamu yangu iko juu ya karatasi mahali pa jina, ni kuandika tu, herufi sita... nadhani, kasema nadhani, hajachagua, mtu akisema nadhani gazetini nilikuwa namrudishia habari yake.

Nimeiweka kalamu chini. Nimesema, "Kaka, usichague kwanza. Siku ya mkaguzi Baba alinituma kwako na ujumbe. Sikukupa."

Sagrario ameshusha miguu kutoka kwenye kiti.

Eladio ameondoa kidole kwenye kioo.