Chupa Zisizo na Lebo

Chupa za plastiki Kanazi hakuna anayezikosa. Zimejaa mitaroni, zimeziba kalavati la njia ya kanisani, na waliotoka kisiwani Bumbire wanasema siku hizi nyavu zinavua chupa kuliko sato. Kwa hiyo kila nyumba ina zake, na kila nyumba inatia humo inachotaka: mafuta ya taa, maziwa, rubisi ya ndizi. Gaudiosa alitia maji ya baraka.

Alikuwa mjane wa katekista, na kwa jambo hilo hakutaka mchezo. Pasaka alijaza chupa, Epifania alijaza chupa, na kila moja aliibandua lebo kwanza, akaikwangua gundi kwa kisu mpaka ikatakata. "Maji ya Mungu yavae tangazo la biashara? Thubutu!" Zilikaa juu ya kabati la sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria, na jumuiya nzima ilikuja kumwomba. Naye alipenda kuombwa. Tusimfichie, alipenda sana.

Mwanawe Datius naye alibandua lebo, kwa sababu zake mwenyewe. Dawa ya ruhuka, yule mdudu anayetoboa kahawa, alipimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Alipofika nyumbani akaichuna lebo, ili mtu asije akaidhania maji ya kunywa. Akaiweka stoo nyuma ya majembe, akajiona mwangalifu kweli kweli. Kumwambia mtu? Hata mkewe hakumwambia.

Mkewe huyo, Kemilembe, alizaliwa na kulelewa Mlutheri. Ukatoliki aliuingia wakati wa ndoa, na taratibu za mama mkwe alikuwa akijifunza kwa bidii ya mtu anayengojewa na mtihani. Jumanne alifagia stoo, akaikuta chupa isiyo na lebo imelala vumbini. Akashtuka. Maji ya baraka, huku? Akaipangusa kwa kitambaa safi, akaipandisha juu ya kabati pamoja na nyingine.

Alhamisi asubuhi Datius alitoka na bomba la kupulizia mgongoni. "Chupa yangu iliyokuwa stoo iko wapi?"

Kemilembe akamweleza, uso umechangamka kama mtu anayesubiri kupongezwa. Datius hakumpongeza. Alikimbilia sebuleni, na chupa haikuwepo.

Gaudiosa alikuwa ameitoa jana yake. Alimpa Rugaibula, mtoto wa Benigna, ampelekee mama yake kule Muleba. Benigna ni shoga wa Gaudiosa tangu wakiwa wasichana, na miguu ilikuwa imemvimba mwezi wa pili sasa.

"Mama, ile ni sumu," Datius alisema. "Funda moja tu linatosha."

Gaudiosa alikaa chini, sakafuni hapo hapo. "Mawe, mama yangu! Nimemuua Benigna."

Simu ya Benigna haikupatikana. Rugaibula alipatikana, lakini yeye alikuwa ameshaendelea na safari ya Biharamulo kazini kwake. "Nilimkabidhi mkononi jana jioni, Mama. Alifurahi mno!" Neno hilo la mwisho lilimchoma Gaudiosa. Pikipiki ya Datius ilikuwa kwa fundi, na mpaka irudishiwe gurudumu saa sita ilikuwa imepita. Gaudiosa akapanda nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwake, na njia nzima alimhimiza mwanawe aongeze mwendo.

Benigna walimkuta uani, anachambua maharage. Mzima! Gaudiosa alimkumbatia mpaka ungo ukapinduka.

"Hujayanywa?"

"Sijayaonja. Tunangoja saa tisa, saa ya Huruma ya Mungu, tuyanywe wote kwa sala moja ya redioni."

"Wote akina nani?"

Benigna akainamisha uso kidogo. "Waitu, jamani, usinikasirikie. Chupa ilikuwa ndogo, nikasema niyaongeze maji niwagawie wanajumuiya. Basi yalipogusana tu na maji, yakageuka meupe pe, kama maziwa! Na harufu yake si ya dunia hii. Tukajua ni ishara. Kila mmoja akaja na chupa yake. Nyumba sita."

Datius alijua vizuri kwamba dawa ile ikikutana na maji lazima iwe nyeupe, ndivyo anavyoichanganya kila msimu. Alishindwa kumtazama mama yake. Ilikuwa saa nane na robo.

Chupa ya Benigna wakaitia kwenye gunia, wakatoka. Benigna aliwaongoza kwa miguu ile ile iliyovimba, na kila mlangoni Gaudiosa alisema maneno yale yale: "Nilichompa Benigna ni dawa ya kahawa. Ni sumu. Nirudishieni." Nyumba ya kwanza walitoa macho, wakatoa na chupa. Ya pili walidhani anatania. Ya tatu, mzee Joackim alimuuliza kama ana wivu kwa kuwa muujiza haukutokea kwake. Wivu! Siku nyingine yoyote mzee yule angejibiwa akajuta, lakini Gaudiosa alilimeza tusi, akanyoosha mkono, akapewa chupa. Ya nne, ya tano, vilevile.

Nyumba ya sita ni ya Kokuhirwa, mama kijana mwenye mtoto wa miaka mitatu anayeshikwa na degedege. Redio ilikuwa imeshaanza rozari ya Huruma. Mtoto alikuwa mapajani mwake, kikombe mkononi.

"Usimpe! Ni sumu!" Gaudiosa alipaza sauti.

Kokuhirwa hakukishusha. "Hospitali nimekwenda mara tatu. Wote mmeona yalivyogeuka meupe. Sasa zamu yangu imefika ndiyo mnakuja kuninyang'anya?"

Datius akapiga hatua. Kokuhirwa akamgeuzia mgongo, akamkumbatia mtoto, akakisogeza kikombe mdomoni mwa mwanawe. "Usinisogelee!"

Gaudiosa akapiga magoti. Kwa Wahaya mdogo ndiye anayempigia magoti mkubwa anapomsalimia, na mkubwa kumpigia mdogo halijapata kusikika. Mwanamke wa miaka sabini, mjane wa katekista, alipiga magoti kizingitini mbele ya msichana anayelingana na wajukuu zake, akamwamkia kama mtoto anavyomwamkia mzazi.

"Mwanangu, si baraka. Ni kosa langu. Sikunusa, sikuuliza, nilitoa tu."

"Waitu, Mama, inuka!" Kokuhirwa alipiga kelele. Aliogopa kuliko alivyoogopa sumu. "Inuka, watu watanionaje!" Akaweka kikombe chini, akamwendea ili amwinue kwa mikono miwili.

Gaudiosa hakukubali kuinuliwa. Alibaki pale pale, magoti chini, mpaka alipokiona kikombe mkononi mwa Datius.