Kilio cha Kufunga Barabara

Liévin alikufa siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, huku akinywa chai. Aliyemuua ni Mama Germaine, mwenye nyumba wake katika mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi, na hakumuua kwa ubaya. Ilibidi mtu afe ili malori yasipite, na katika nyumba ile Liévin peke yake ndiye hakuwa na ndugu mjini wa kuja kuuliza maswali.

Ngoja niseme vizuri, maana mambo ya mwaka ule ukiyasema haraka unaonekana mlevi. Vita vilikuwa vimeikata nchi vipande viwili tangu Agosti. Liévin, muuzaji wa jumla wa maharage na sabuni kutoka Butembo, alikuwa amekuja Lubumbashi kwa wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miezi saba. Mkewe Delphine alibaki upande wa pili. Barua hazikuvuka, ndege hazikuvuka, na mtu mwenye kitambulisho cha kule kwao akisogea mpakani aliitwa jasusi kabla hajataja jina lake. Februari ikamfikia karatasi iliyozunguka nchi tatu ndani ya soksi ya mtu. Wajomba wa Delphine walikuwa wanasema Liévin ameoa huko Lubumbashi. Wangengoja hadi Pasaka. Neno lisipokuja, mbuzi wake wa mahari wangerudishwa na Delphine angepewa mwanaume mwingine.

Sasa, Delphine alikuwa na kaka, Émile, aliyekaa Kampala na aliyekuwa na anwani ya barua pepe. Na mume wa Mama Germaine, Papa Jean-Claude, fundi mstaafu wa simu, alikuwa na kompyuta, laini ya simu aliyoiunga kwa mikono yake, na modemu, kile kisanduku kinachoifundisha kompyuta kuongea kwa simu. Mjini kulikuwa na ofisi moja tu ya barua pepe. Mwenye ofisi alikimbia vita, akafunga mlango kwa kufuli tatu, akasahau kuzima mashine. Mashine nayo, maskini, ikaendelea kupokea simu na kurusha barua angani, kama mtumishi ambaye hajaambiwa kwamba bosi ameondoka. Mtu hakuingia mle, lakini simu iliingia.

Ungedhani kazi imekwisha. Wapi.

Papa Jean-Claude alikuwa na ugonjwa mmoja: maendeleo. Mpwa wake wa Johannesburg alimpelekea modemu mpya kila zilipotoka. Ya kasi ya elfu kumi na nne ilipiga mayowe, ikakohoa, ikashika laini dakika nzima, ikaiachia. Ikaja ya ishirini na nane, ikashika nusu dakika. Ya thelathini na tatu ilishika muda wa kupiga chafya. Ya hamsini na sita, yenye taa saba na kitabu cha maelezo kwa lugha tisa, haikushika kitu kabisa. Ilisikiliza laini kidogo, ikakata, kama bibi harusi aliyeonyeshwa chumba kibovu. Kila mara Papa Jean-Claude alisugua viganja na kutangaza kwamba kasi imeongezeka. Alikuwa amechapisha hata kadi zenye anwani yake ya barua pepe, akazigawa kanisani, sokoni, kwa kinyozi, na hakuwahi kupata barua hata moja. Kasi ya kwenda wapi, Liévin alijiuliza, lakini alikuwa mpangaji.

Mwisho wa Machi fundi akamgundua mchawi: malori. Malori ya mawe ya madini kutoka Kambove yalipita mbele ya nyumba kutwa nzima. Nguzo ya simu, iliyokwisha kuinama, ilitikisika, waya zikagusana, na barua ikafia njiani. Lakini nani angeyasimamisha malori ya wakubwa wakati wa vita? Askari wenyewe waliyapisha. Mama Germaine, aliyekuwa anachambua mchele, akajibu bila kuinua macho:

"Lori haipitake ku kilio."

Na kweli. Mji ule ulikuwa hauheshimu tena mshahara, wala sheria, wala taa za njia panda. Lakini ukikuta matawi ya mchikichi yamelazwa barabarani, ujue pana msiba, na unageuza gari bila kubisha. Ndiyo hivyo Liévin alivyokufa kabla hajamaliza chai.

Mwili, walisema, uko Kambove, unangoja petroli. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anangoja petroli, hakuna aliyeuliza zaidi. Viti vikapangwa katikati ya barabara. Wafanyabiashara wenzake wakafika kutoka mtaa wa Kampemba, kwaya ya parokia ikafika. Mama Germaine alikataza ngoma, maana nguzo ingetikisika. Akasema marehemu hakupenda makelele. Liévin alikaa ndani nyuma ya pazia, akisikia anavyosifiwa, na ilimuuma. Mtu ambaye hakuwahi kumsalimia sokoni alisimama kusema wamepoteza mkono wa kulia. Na Kapya, dereva wa lori la Zambia! Miezi yote Liévin alimsihi akifika Kitwe ampigie simu Émile, na kila mara Kapya alijibu kwamba simu ya nje ni ghali. Huyo ndiye aliyelia kuliko wote, mpaka akashikwa mabega. Liévin alitamani kutoka amzabe kofi.

Siku mbili barabara ilikuwa kimya kabisa. Modemu ya hamsini na sita ilijaribiwa mara arobaini, ikakata mara arobaini. Jumatano asubuhi wazee wa wafanyabiashara wakaingia uani wamefurahi kwa huzuni: petroli imepatikana, baada ya misa wanaondoka kwenda Kambove kumchukua ndugu yao.

Papa Jean-Claude alikaa chini: Kambove hapakuwa na maiti. Liévin akaangalia huku na huku, na macho yake yakaangukia dirisha la jikoni. Lilikuwa limezuiwa lisijifunge na kisanduku cheusi, kizito, chenye masizi: modemu ya kwanza kabisa ya mzee, ya kasi ya elfu mbili na mia nne tu, iliyostaafishwa siku ile ya elfu kumi na nne ilipoingia. Akaitaka. Mzee akakasirika. Kile ni kitu cha kale, alisema, kinatambaa, kitamwaibisha mbele ya mpwa wake.

"Papa," Liévin akasema, "miye niko mufu. Siko na haraka."

Wakakifuta masizi, wakakichomeka. Kilinguruma taratibu, kikanyamaza, taa yake moja ikawaka na haikuzimika. Kilikuwa hakichagui laini. Na kabla Liévin hajagusa herufi, maneno yakaanza kutambaa kwenye kioo, mstari kwa mstari, kwenye anwani ya Papa Jean-Claude, barua ya kwanza maishani mwake:

"Kwa wote wanaomlilia mume wangu. Mimi ni Delphine. Nimewakimbia wajomba, niko Kampala kwa kaka yangu Émile. Dereva Kapya alitupigia jana kwa pesa mlizochanga, akatusomea anwani hii kwenye kadi. Walisema Liévin ameniacha. Sasa najua hakuniacha, alikufa. Mungu awabariki kwa kunijulisha. Mzikeni na suti ya kahawia. Msimvalishe kofia, hazipendi."

Kumbe. Kwa mtu hai simu ni ghali, maiti wanamchangia. Liévin alitaka kucheka, akashindwa, akalia kwa sauti, kilio cha kweli. Wale wa nje, waliposikia, wakaitikia wote pamoja. Mkewe alikuwa anashukuru kwamba amekufa, na shukrani ile ilikuwa upendo mtupu. Angeupata wapi tena akiwa hai? Aliogopa. Kwa kidole kimoja akaandika: "Delphine. Niko hai. Liévin." Akatuma.

Ikapita saa nzima. Uani wazee walikuwa wanamimina petroli kwenye tangi. Papa Jean-Claude akapiga simu tena, kisanduku kikanguruma, maneno yakatambaa.

"Wewe unayejiita Liévin. Kama umekufa, nimekusamehe yote. Kama uko hai, nieleze miezi saba ulikuwa wapi, na uanze mwanzo."

Ndiye huyo. Hasira ile Liévin aliijua kuliko sura yake mwenyewe. Akapangusa machozi, akavuta kiti karibu na kompyuta, akamwomba Mama Germaine matawi yasiondolewe hadi Jumamosi, maana maelezo ni marefu na mashine inakwenda pole pole. Mama Germaine akajifunga kitenge vizuri, akatoka uani, akawaambia wazee warudishe petroli kwenye dumu: marehemu bado anajieleza kwa mke wake.