Kilele cha Gorogoro

Jentrix alikuja sokoni moja kwa moja kutoka shuleni, bado na sare, amekumbatia gorogoro yangu kifuani kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Asubuhi alikuwa ameniomba ule mkebe, pamoja na mahindi ya kuujaza, kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ametaka kila mwanafunzi alete mkebe wa duara apime ujazo wake. Watoto wa Kitengela walijaza mchanga au nafaka. Mwaka huo wa 1999 maji yetu yalikuja na punda, na hakuna mzazi angeyatoa yakachezewe darasani.

"Kukhu, Mwalimu anakuita kesho," alisema. "Alikuwa anataka Mama, nikamwambia Mama yuko Isinya kwa shamba la maua, hawezi toka."

"Umefanya nini?"

"Nimefuta."

Sikuelewa. Nilikuwa nampimia mahindi mama mmoja Mmaasai, mteja wangu wa kila wiki. Jentrix huniita Kukhu, yaani nyanya yake; huyu huniita Koko, kama wajukuu wake wanavyomwita yeye. Alinishika mkono akasema, "Koko, sikiliza mtoto kwanza. Mahindi haiendi mahali." Akasogeza ndoo yake pembeni akasubiri.

Jentrix ni mtoto wa binti yangu Florence. Baba yake alipofariki, aliletwa kwangu kutoka Webuye, na shule ya huku ikamrudisha nyuma darasa moja, akakaa na watoto waliomfika begani. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, yuko la saba, na walimu walikuwa wamesema kwamba asiyepita hesabu muhula huu wa tatu haendi la nane. Wiki moja kabla, tukichambua maharagwe, alikuwa ameniambia, "Nikirudia tena, Kukhu, nawacha shule. Naenda Isinya kufunga maua na Mama." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza tutakula nini. Tangu siku hiyo sikuwa nalala vizuri.

Aliketi juu ya gunia, akafungua daftari.

"Hapa nilipima na rula. Mdomo wa mkebe ni sentimita kumi na nne, nusu yake saba. Kimo ni kumi na tano. Ukizidisha vile tumefundishwa, unapata elfu mbili mia tatu na kumi. Halafu unajaza mkebe, unamwaga kwa jagi ya Mwalimu iko na alama, unaangalia kama inafika hapo hapo."

"Ikafika?"

"Ikapita. Elfu mbili mia nne na sitini hivi. Nikapima tena na rula, kumi na tano. Nikajaza tena, ikapita tena. Wengine wote zao zilikubaliana, Kukhu. Gakuru alikuwa amemaliza, ananichungulia tu akicheka."

"Ukafanyaje?"

"Nikafuta kumi na tano, nikaandika kumi na sita. Ikakubaliana." Alifunga daftari. "Mwalimu akaweka rula yake kwa mkebe. Akasema mimi ni mwongo mbele ya watu wote."

"Lakini mwanangu, rula ilisema kumi na tano mara mbili. Mbona hukuiamini?"

Aliniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Rula ni ya shule. Gorogoro ni yako."

Nikamwambia anionyeshe alivyojaza. Akachota mahindi, akamimina, akaugonga mkebe kidogo chini yakae vizuri, akamimina tena. Akazungusha viganja juu, mahindi yakapanda yakafanya kilele, na punje ya kwanza ilipobingirika chini, akaacha. Nilitazama mwanzo mpaka mwisho nikitafuta kosa, sikuliona.

"Umejaza vizuri," nilisema.

"Vizuri kabisa," yule mama Mmaasai akaongeza kutoka pale pembeni. "Hiyo ndio gorogoro."

Basi kesho yake nilimwachia jirani meza yangu, nikaenda shuleni bila jibu lolote. Mwalimu Maweu, mteja wangu wa maharagwe wa Jumamosi, alikuwa kijana mwembamba, mpole wa mikono. Alinisalimu, akaniletea kiti mwenyewe kutoka ofisini, akakifuta vumbi la chaki kabla sijakaa. Nilijiambia, huyu si mtu mbaya, na hilo likanizidishia hofu, kwa sababu mtu mzuri akisema mtoto wako ni mwongo huna pa kumlaumu.

"Mama, pole kwa kukutoa kazini," alisema. "Sitaki kumrudisha Jentrix. Lakini nataka uone mwenyewe alichofanya. Jentrix, njoo ujaze mkebe."

Darasa zima lilikuwa likitazama. Walitandaza gazeti juu ya meza ya mbele, Jentrix akaanza kumimina. Mahindi yalipofika mdomoni mwa mkebe, Mwalimu akasema, "Haya."

Jentrix akaendelea.

"Haya, Jentrix. Imetosha."

Akamimina tena, akaanza kuzungusha viganja.

"Anajenga Kilimanjaro!" Gakuru akapaza sauti kutoka nyuma. Watoto wakacheka. Mwingine akadakia, "Mama, nipimie na mimi!"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anautazama ule mlima wa mahindi. "Jentrix, nani alikufundisha kujaza hivyo?"

Jentrix akaangalia sakafu. "Hakuna mtu."

Hapo ndipo nilipoona kosa, na ndipo nilipoona pia kwamba mtoto huyu angekubali kuitwa mwongo mara ya pili kuliko kunitaja mbele ya watu. Nikasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Mteja akija, ukimpimia mpaka mdomoni tu, umemnyima. Lazima umwekee kilele. Huyu ananisaidia sokoni tangu akiwa na miaka tisa. Hajawahi kuona gorogoro iliyojaa ikiwa tambarare."

Mwalimu Maweu alikuna shingo. "Hata maharagwe yangu ya Jumamosi yanapimwa hivyo?"

"Yako, Mwalimu, baada ya kilele huwa naongeza kiganja kimoja. Unatufundishia watoto."

Safari hii walimcheka yeye, naye akaona haya, akatabasamu kidogo. Kisha akachukua daftari la Jentrix, akaweka kidole pale palipofutwa.

"Haya, kosa la kujaza nimelielewa. Lakini hii kumi na tano uliifuta wewe. Majibu mawili yakikataana, huchagui unalolipenda. Unayaandika yote mawili, unaniita. Nikikupeleka la nane na tabia hii, mtihani wa mwisho utaufuta wote." Akamsukumia rula. "Mara moja tu, mbele yetu. Fanya kazi yote upya, halafu nitaamua."

Jentrix alipima mdomo, akapima kimo, akaandika kumi na tano. Kisha akashika rula juu ya kile kilele, mkono ukasita. Nilijua kwa nini. Sokoni kwetu anayepitisha kijiti juu ya mkebe tunamwita kinyozi, na hakuna anayetaka jina hilo. Alinitazama.

"Nyoa, mama," nilimwambia. "Leo nyoa."

Akapitisha rula. Mahindi yakamwagika juu ya gazeti, mengine yakaruka sakafuni, na mkebe ukabaki tambarare kama meza. Akayamimina mahindi kwenye jagi kwa awamu, kila lilipojaa akisoma alama na kulimwaga, mpaka mkebe ukaisha. Jumla ilikuwa elfu mbili mia tatu na kidogo.

"Inakubaliana," Mwalimu akasema, akachukua kalamu nyekundu.

Lakini Jentrix hakuwa amemaliza. Alikuwa anakusanya yale yaliyonyolewa, punje moja moja, akaingia hata chini ya dawati. Gakuru naye aliinama, akaokota zilizofika miguuni pake, akamletea mkononi. Jentrix akazitia zote ndani ya jagi lililo tupu.

"Sijakuambia upime hiyo," Mwalimu alisema.

"Najua, Mwalimu." Akainama kusoma alama. "Mia moja hamsini na kitu."

Akarudi kwenye daftari, akazidisha kitu fulani kwa haraka, midomo ikichezacheza. Nilimwona akikoma, akiangalia jagi, akiangalia mkebe.

"Mwalimu, eneo la chini ya mkebe ni mia moja hamsini na nne. Sasa huu mlima ukiulaza uwe tambarare ndani ya mkebe wa upana huu, utafika sentimita moja." Aliinua kidole kimoja, kwanza kwake mwenyewe, halafu kwa Mwalimu. "Ndio maana nilipata kumi na sita. Kumi na tano ni ya mkebe. Hiyo moja ni ya mahindi ya juu."

Mwalimu Maweu alipitia hesabu yake polepole, mstari kwa mstari. Akasonga ubaoni, akachora mkebe, akachora na kilele chake, akakitazama.

"Umbo kama hili la juu hatulifundishi shule ya msingi," aliwaambia watoto. "Huyu amelipima bila kufundishwa." Halafu akamgeukia Jentrix. "La nane. Na usinifutie kitu tena."

"Ndio, Mwalimu," Jentrix alisema, sauti ndogo kabisa. Hakuketi.

Mwalimu akatoa karatasi kwenye droo, ile ya mzazi kukubali mtoto aandikishwe la nane, akanionyesha pa kuweka sahihi. Niliomba nafasi ya meza. Mimi kuandika nilijifunza kwenye darasa la gumbaru, nikiwa mama mzima, na mkono wangu haujawahi kuwa na haraka. Kalamu ilinikwama kwenye herufi ya pili. Jentrix akashika karatasi pande zote mbili isiteleze.

Niliandika Rebecca, nikapumzika, nikaanza jina la pili. Walikuwa watoto zaidi ya arubaini mle ndani, wale wale wa kelele, na sikusikia hata benchi likilia. Walinisubiri mpaka nikamaliza.