Diski yenye Sauti ya Pokuaa

Ilikuwa imebaki robo saa umeme ukatwe kwa zamu yake ya mchana, na kompyuta ya Nimako ilikuwa imekataa katakata kuiachia diski ya Dufie.

"Kifaa bado kinatumika," kioo kiliandika kwa mara ya nne.

"Chomoa tu, dada," alisema Nimako, mchapaji wa mabango ya matanga hapa Asafo, Kumasi. "Mimi huchomoa kila siku. Haijamng'ata mtu."

"Mwaka jana ilichomolewa hivyo hivyo, picha zote za harusi yangu zikapotea."

Dufie alisema hayo kwa sauti ambayo angeulizia bei ya vitunguu. Tangu mama yake, Pokuaa, afariki siku tisa zilizopita, hakuwa amelia wala kula cha maana. Mama yake mkubwa alishamsema mbele za watu: "Binti gani huyu, macho makavu kama kuni za kiangazi!" Hata hilo halikumchoma. Kitu pekee alichokitaka kilikuwa ndani ya diski ile: video moja fupi, mahali pekee ilipobaki sauti ya mama. Nakala hakuwa nayo, na simu iliyoirekodi iliibiwa. Mwenye akili angenakili mapema, ndiyo. Lakini nani hufikiria hivyo mama akiwa bado anamgombeza?

Wakafunga picha. Wakafunga bango lenye uso wa Pokuaa. Kifaa bado kinatumika.

"Basi zima kompyuta, kaka."

"Hii nikiizima sasa haitawaka tena kabla umeme haujakatwa, na nina marehemu wanne wa Jumamosi sijawamaliza. Waende matangani bila sura?"

"Umeme ukikatika si itazimika tu, na diski yangu ndani? Kuna kitu hujakifunga."

Nimako akakuna kisogo. "Labda ile video. Niliificha chini."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa namwangalia anavyocheka, nichague uso wa bango. Nikaiweka ijirudie, nikaondoa sauti. Dukani kwangu marehemu hasemi kabla hajazikwa. Halafu nikaisahau. Nisamehe, dada."

Kumbe tangu asubuhi mama alikuwa akizungumza humo kimya kimya, na hakuna aliyemsikiliza. Dufie akaileta video juu, akafungulia sauti. Nimako alitoka nje bila kuambiwa.

Pokuaa alikuwa uani, kinu cha kutwangia fufu ya muhogo na ndizi mbele yake, jasho likimtiririka. Alicheka, kisha akakunja uso. "We Dufie, kazi kunipiga picha tu! Zima hilo dude uje ule. Chakula kinapoa."

Video ikaanza upya. Zima hilo dude. Dakika sita zilikuwa zimebaki. Dufie alimsikiliza mama mara tatu, kisha akaifunga kama alivyoagizwa. Ilimuuma, na tangu msiba huo lilikuwa jambo la kwanza kumuuma.

Kompyuta ikasema sasa diski inaweza kutolewa salama. Akachomoa waya, akaifungasha diski ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Alipofika mlangoni, feni ya dukani ikazimika.

"Imetoka nzima?" Nimako aliuliza.

"Nzima. Kaka, hapa jirani nani anauza fufu?"